Kisiwa Kilichokuwa Karibu Mno

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nimelala chali kwenye mchanga wa kisiwa kidogo kinachoonekana kwa macho kutoka Raskazone, Tanga, tumbo limejaa samaki wa kuchoma, na ng'ambo ya maji watu wamekaa mkekani wananingoja mimi nimwoze dada yangu.

Umekuja kuniuliza kama uende kisiwani ukapumzike juma zima. Umenipangia faida upande huu na hasara upande ule, na umezipanga vizuri. Nami nilizipanga. Kaa basi nikueleze ile niliyoisahau.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nina miaka ishirini na kitu. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu mwalimu alijibu maswali yake tu, yangu hakuyajibu. Tangu hapo nilikuwa mtu wa kushika kazi hii na kuacha ile. Mwezi huo nilikuwa nabeba robota za katani bandarini, na mabega yalichubuka hata shati likawa adui. Baba alikwisha kufa. Nyumbani kwetu Makorora tulikuwa watatu, mama, mimi na dada yangu Mwanaidi.

Mwanaidi alikuwa ameposwa na Salehe, seremala wa Muheza. Alimtaka, na wala hakuficha. Siku tuliyoipokea posa aliimba jikoni mpaka mama akamwambia, "We mwana, tia haya kidogo, watu wapo barazani." Lakini baba mdogo wetu alinuna. Babu yake Salehe aliletwa pwani akiwa mtumwa, na baba mdogo alikuwa akinong'ona kwamba hatulingani nao. Nilimjibu mbele ya watu, "Baba amekufa, walii ni mimi, na mimi nimeridhika." Unajua walii ni nani: mwanamume wa nyumba ya bibi harusi, ambaye bila kauli yake hakuna ndoa. Nilijiona mkubwa siku ile. Ndoa ikapangwa Ijumaa, baada ya sala.

Jumanne ya juma hilohilo nikaamua kwenda kupumzika. Nilikaa nikapima. Faida nilizipata nyingi: upepo safi, usingizi usiokatizwa na king'ora cha bandari, samaki bila kununua, na magofu ya kale ambayo nilikuwa natamani kuyaona tangu utoto. Hasara zilikuwa mbili, maji ya kunywa ni ya kubeba, na mbu. Juu ya yote nikaona faida kubwa kuliko zote: ni karibu. Mtu ukitakiwa unarudi. Mvuvi mmoja, rafiki yangu Hamisi, akanipeleka kwa mtumbwi wake, tukaahidiana anifuate Alhamisi.

Sitakudanganya, kilikuwa kizuri. Mapumziko ni kitu cha kweli, na anayesema hayana maana hajawahi kuchoka. Nililala mchana kama mtoto. Nilizunguka magofu nikipapasa kuta za matumbawe, nikajiuliza nani alikaa hapa na kwa nini aliondoka. Jumatano nikakutana na mzee mmoja mwokota majongoo ya pwani. Nikamwuliza maswali mpaka akacheka. Akaniambia kwamba Ijumaa ni bamvua, maji yatatoka mbali kuliko siku zote, na mwamba wote wa nje utabaki wazi, mtu atembee juu yake kwa miguu na kuona wadudu ambao hawaonekani siku nyingine.

Basi Hamisi alipokuja Alhamisi alinikuta nimekwisha kubadili nia.

"Panda twende," akasema. "Kwenu nimeacha wanatwanga."

"Nifuate kesho."

"Kesho bamvua! Mtumbwi wangu utakaa kwenye tope mpaka saa nane, na wa kila mtu vilevile. Mpaka nikufikie hapa na tugeuze, ni saa kumi na moja. Na ndoa saa saba."

"Hamisi, harusi gani uliyoiona ikaanza kwa wakati? Watangoja. Watakula halua."

Akanitazama. "Na neno umemwachia nani?"

"Neno gani?"

"Si wewe walii? Mwakilishe basi mwalimu wa msikiti, aoze kwa niaba yako. Sema mbele yangu na mbele ya mzee huyu wa majongoo, mashahidi wawili, nikifika nimfikishie."

Mwanangu, ilikuwa niseme neno moja: nimemwakilisha. Ulimi wangu haukuwa na kazi nyingine. Lakini niliona kumwachia mwingine kauli yangu ni kujipunguza. Siku ile ndiyo niliyokuwa naingoja, nionekane mwenye nyumba. Nikamwambia, "Nitaoza mwenyewe kwa mdomo wangu. Nenda." Akaenda.

Ijumaa mwamba ulitoka kama alivyosema yule mzee. Nilitembea juu yake, nikaona kila nilichotaka kukiona, nikarudi nikala, nikalala. Hamisi alinifuata alasiri, uso ameukunja.

Tulipofika nyumbani jua linazama na uwanja ni mtupu. Mama amekaa kizingitini, upishi umepoa kwenye masufuria. Mwalimu wa msikiti ndiye aliyenieleza. Watu wa Muheza walikuja na lori, wakakaa tangu sala mpaka alasiri. Baba mdogo alikuwepo, lakini mkono wake hauna haki maadamu mimi ni hai na nina akili zangu. Mzee Athumani, baba yake Salehe, akauliza kama kadhi hawezi kuoza badala yangu.

"Nikamwambia anaweza," mwalimu akasema, "lau ungekuwa safarini mbali, masafa ambayo mtu anapunguza sala. Ungekuwa Mombasa, dada yako sasa hivi angekuwa mke wa mtu. Lakini wewe uko hapo, tunakuona. Aliye karibu hungojewa."

Mzee Athumani akasimama, akakunja kanzu yake, akasema, "Tumefahamu." Wakapanda lori.

Huelewi bado walichofahamu? Nami sikuelewa mpaka baba mdogo aliponishika bega, kwa mara ya kwanza akinichekea kwa mapenzi. "Umetenda kiungwana, kijana wangu. Nilidhani huna akili. Umewakataa bila tusi hata moja."

Nilikwenda Muheza juma lililofuata. Mzee Athumani alinipokea vizuri, akanipa kahawa kwa mkono wake. Nikamwapia kwamba nilikuwa napumzika tu, nikamwomba tupange siku nyingine.

"Najua," akasema. "Baba yangu walimtukana mchana kweupe. Mimi walinifungia mlango. Wewe ulikwenda kupunga upepo. Dunia inaendelea, bwana mdogo."

Salehe alikwenda Mombasa kabla mwezi haujaisha, na hakurudi. Mwaka wa pili Mwanaidi aliolewa na mwenye duka aliyechaguliwa na baba mdogo, akawa mke wake wa tatu. Siku ile nilifika kabla ya mkeka kutandikwa. Niliingia chumbani kumwomba idhini yake, kama ilivyo desturi. Alikuwa amefunikwa kanga usoni.

"Safari hii umewahi," akasema. Kisha akatoa idhini.

Hatukuzungumza tena, ila salamu za misibani. Mimi nilitoka Tanga, nikazunguka nchi hii na za jirani, visiwa nimevilala vingi, na hakuna hata kimoja ambacho sikuamka nikauliza leo ni siku gani.

Basi shauri langu ni hili. Nenda ukapumzike, mwili una haki yake. Lakini usipime upepo na mbu peke yake. Kabla ya kupanda chombo, uliza ni nani hawezi kusonga mbele bila wewe, na umwachie mtu kauli yako, hata kama inakuuma kuona jambo lako likifanywa na mwingine. Wala usijifariji kwamba uko karibu. Aliye mbali watu humpa udhuru. Aliye karibu asipokuja, kutokuja kwake ni jibu, na wenzako watalisoma kwa machungu waliyonayo tayari.

Mungu akupe usingizi wenye utulivu huko uendako, akurudishe siku uliyoisema, na wanaokungoja wasihitaji kuelezwa ulikuwa wapi.