Kula ni Lazima

Mimi ni mtu wa kompyuta katika chama cha wafugaji wa maziwa karibu na Sotik, na kabla sijaendelea niseme wazi: mimi ni mwoga. Watu huniita mwalimu, kwa sababu mara mbili kwa mwaka nawakusanya wafanyakazi, nawapa chai na mandazi, nawafundisha kumzuia mwizi wa mtandaoni kabla hajafika. Na nafundisha vizuri, wacha nijisifu.

Siwapi maneno makubwa. Nawapa hadithi niliyopewa na babu yangu: wezi wa ng'ombe wa zamani hawakuvamia tu ovyo. Kwanza walimtuma mtu mmoja kama mgeni. Akanywa maziwa, akasifu ndama, akahesabu vijana wenye mikuki, akaaga. Uvamizi ulikuja baadaye, watu wameshamsahau. "Kwa hivyo," nawaambia, "msingoje kelele bomani. Ulizeni ni nani alikuja kuangalia." Wanacheka, wanapiga makofi.

Hadithi ya pili ni ya drafti. Ng'ambo ya barabara kuna mama mmoja Mkikuyu mwenye duka la vipuri, na kila saa saba mchana tunacheza naye kwa vifuniko vya soda. Kwetu sheria ni moja: ukiachiwa kifuniko, kula ni lazima, hata kama unaona shimo mbele. Basi ananiachia kimoja, nakula, halafu yeye anakula vyangu vitatu akitafuna njugu. "Pole, mwalimu," ananiambia, "wewe una njaa sana." Hilo nalo nikalibeba darasani: chambo huchaguliwa kwa kufuata njaa ya anayewindwa, kwa hivyo ijue njaa yako mapema. Maneno matamu, sivyo?

Sasa njaa yangu. Kwa miezi mingi nilikuwa naomba kazi Nairobi kisirisiri. Nilikuwa nimechoka na mvua ya kila alasiri, na mwenyekiti wetu anayenishika bega akisema huyu mtoto wetu haendi popote. Asubuhi moja barua pepe ikaingia: hongera, umechaguliwa, fungua fomu hii. Mashine yangu ilikuwa imekwama, nikaketi kwenye ya karani wa chanjo, mama wa makamo ambaye alikuwa ametoka kupokea dawa za mifugo. Nywila yake niliijua. Kila mtu aliijua! Ofisini kwetu ukificha nywila unaulizwa, kwani sisi ni wezi? Mimi ndiye niliyewakataza kupeana nywila, na mimi ndiye niliyeogopa kuzibadilisha, nisionekane mchoyo. Nikafungua fomu. Ilikuwa tupu. Nikarudi mahali pangu.

Kufikia saa nane skrini zote zilikuwa nyekundu, zikidai pesa, na rekodi za chanjo za ng'ombe wa kila mkulima zimefungwa. Kwa bahati nilikuwa na nakala kwenye diski nyumbani, na baada ya siku nne tukarudisha karibu kila kitu. Nikasifiwa! Lakini kamati ilitaka kujua mwizi aliingilia wapi, na unadhani aliyepewa kazi ya kuchunguza alikuwa nani?

Wueh. Nikisema ni mimi, kazi imeenda, siri ya Nairobi imetoka, na baba yangu hukaa benchi moja na mwenyekiti kanisani. Nikinyamaza, atakayefukuzwa ni yule mama, aliyekuwa karani hapo tangu nikiwa shule ya msingi, aliyenipokea siku yangu ya kwanza na kunionyesha hata choo kiko wapi. Niligeuka huku, nikageuka kule, nikakosa pa kupitia. 

Siku ya kikao mwenyekiti aliniuliza swali moja tu. "Ilianzia kwa mashine gani?" Nikangoja aulize nani alikuwa ameketi hapo. Hakuuliza. Nikasema, "Ya karani wa chanjo." Ilikuwa kweli, na sijawahi kusema uongo mbaya kuliko huo. Yule mama aliinamisha kichwa, akasema labda alibonyeza kitu bila kujua, wamsamehe. Hawakumsamehe.

Alasiri hiyo alipita ofisini kuchukua sweta yake. Nilidhani amekuja kunitukana, na Mungu ni shahidi, nilitaka anitukane. Akavuta kiti. "Kijana wangu, wewe unajua hivi vitu. Nionyeshe nilikosea wapi, nisije nikaharibia watu mahali pengine." Nikachukua karatasi, nikamchorea: barua ya uongo inakaa hivi, angalia anwani hapa, angalia vile inakuharakisha. Aliandika yote polepole, akauliza maswali mazuri kuliko yale ninayoulizwa darasani. Halafu akanishika mikono yote miwili, akafumba macho, akamwomba Mungu anilinde na watu wabaya.

Nikasema amina.