Mbegu Nje, Pikipiki Ndani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na nikiikumbuka hata chai inakataa kushuka kooni. Sio ya zamani sana. Ni juzi tu, kabla mvua ya Novemba ianze, wakati kila mama hapa Mitaboni anaangalia mawingu kama mtu anangoja wakwe. Siku hiyo mjukuu wangu Mutua alitoa mbegu yangu nje akaweka pikipiki ndani.

Hebu rudia pole pole. Mbegu nje. Pikipiki ndani. Umesikia venye inauma?

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja akiendesha.

Huyu Mutua anakaa Syokimau, na alikuwa amepata kazi ng'ambo, ya mwaka mzima. Pikipiki haikuwa na pa kulala. Na usifikirie ni pikipiki kama hizi za vijana wa steji. Hiyo kitu ni ndume! Iko na kioo mbele kama gari, na masanduku mawili ya chuma huku mbavuni. Niliposikia ikipanda kilima nilidhani kinu cha unga kimehama.

"Niaje Susu!" Susu ndiyo nyanya kwa Kikamba. Akatoa kofia, akapiga hiyo chuma makofi kama mtu anasifu fahali. "Hii ni ya safari ndefu. Hii inaweza kutoka hapa ikaenda mpaka Cape Town."

"Na ikirudi inalala wapi?"

"Si hapo kwa stoo?"

Stoo! Mwanangu, hiyo anaita stoo ni ikumbi yangu, ghala. Ni kachumba kadogo kando ya jikoni, hakana dirisha, na mlango wake mama mnene anaingia kwa ubavu. Humo ndani kuna vibuyu vya kunde na ndengu, na madebe ya mahindi ya mbegu, vyote nimechanganya na majivu ili wadudu wasiguse. Hizo kunde nilipewa na mama mkwe wangu. Hazijawahi kosa kwangu tangu nywele yangu ikiwa nyeusi.

Nikamwambia, "Hapana. Peleka zizini. Mlango wa zizi ulipimwa na ng'ombe mwenye mimba, huyo wako atapita akiimba."

Mutua akakunja pua hivi, kama amenusa soksi ya padri. "Aki Susu, kwa ng'ombe? Si itanuka!"

Itanuka! Maziwa ya mama ya huyo ng'ombe ndiyo ilimnenepesha mashavu, leo anakunja pua. Nikamwambia neno moja, ikumbi haiguswi, nikabeba maparachichi yangu nikaenda sokoni. Asiyesikia la mkuu, unajua venye huvunjika. Shida ni kwamba saa ingine guu linalovunjika ni la mkuu mwenyewe.

Kumbe nikishuka tu, kijana anaanza kazi. Alitoa vibuyu vyangu na madebe, vyote nje, akavipanga vizuri juu ya gunia, na vingine akavifungua eti vipigwe jua. Alinieleza baadaye, na hiyo sauti yake ya msomi: "Susu, nilifikiria wadudu." Ulifikiria wadudu! Na mawingu ulifikiria ni ya nani?

Halafu akapima. Alipima mlango na kamba, akapima usukani, akaona ukikunjwa upande unapita. Masanduku hakupima. Unajua kwa nini? Mtu akikaa juu ya pikipiki, masanduku iko nyuma yake. Miaka miwili anaibeba na hajawahi iangalia upana. Akaweka ubao kwa kizingiti, akaingia yeye kwanza, akivuta hiyo ndume kwa pembe. Usukani ukapita. Kioo kikapita. Tairi ya mbele ikashuka ndani, na masanduku yakashika miimo ya mlango, kwaa!

Kuvuta, wapi. Kusukuma irudi, kizingiti imekataa, ni nzito kushinda fahali wawili. Na yeye ako ndani, mlango umezibwa na mali yake mwenyewe. Ufunguo wa kutoa masanduku uko kwa koti. Simu iko kwa koti. Koti iko nje, kwa kamba ya nguo, inapigwa upepo.

Ndio mvua ikaanza.

Mwanangu, kijana mkubwa wa kwenda ng'ambo alichuchumaa huko gizani, akaangalia mbegu yangu ikinyeshewa kupitia chini ya sanduku. Alinyoosha mkono. Alishika kibuyu kimoja tu, na kilikuwa kimepasuka.

Mimi nikafika nikikimbia, karai kichwani, nikasikia ukuta unaongea: "Susu! Susu, usikasirike!"

Mtu akikwambia usikasirike na hujajua ni nini, anza kukasirika mapema.

Nilimuita Kioko, jirani yangu wa bodaboda. Huyo alisimama mlangoni akashika kiuno. "Bazuu, mkubwa wangu! Kwani umejifungia na bibi?" Akatoa ufunguo kwa koti, akafungua masanduku moja moja, tak, tak, pikipiki ikawa nyembamba kama mbuzi wa kiangazi. Kazi yenye haikushinda mate kukauka.

Kioko alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepiga magoti, mkono wangu uko ndani ya kibuyu. Kunde zilikuwa zimevimba kama tumbo la chura. Ukizipanda kwa hayo manyunyu ya kwanza zinaota leo na kesho jua linazichoma. Ukizingoja zinaoza. Akiba haiozi, wanasema. Hawakukutana na Mutua.

Nikafungua mdomo nimpe matusi yenye hajasikia. Halafu nikasikia kichwani sauti ya mama mkwe wangu, nikafunga.

Kwa sababu, mwanangu, mimi pia nilifanya. Sikatai. Nilipoolewa nilikuja na kitanda. Kitanda ya mbao, kichwa yake imechongwa maua, kijiji kizima walikuja kukiangalia. Hakikupita mlango wa nyumba. Nami, bibi arusi wa kiburi, nikatoa mbegu ya mama mkwe kwa ikumbi nikaweka kitanda, "ni usiku mmoja tu." Mbuzi hawakuhitaji usiku wa pili kuimaliza.

Huyo mama hakunipiga wala hakupaza sauti. Alinipa kibuyu tupu, akaniangalia na jicho moja, hivi, na sauti yake nyembamba: "Shika. Utatuchemshia kitanda."

Halafu akanituma niombe mbegu. Na kwetu, mbegu haiombwi kimya. Ukifika kwa mlango wa mwenye nayo, unasema kwanza ni nini ilikula yako. Mlango kwa mlango niliimba: ni kitanda changu, ni kitanda changu. Mpaka watoto wakaniita Mama Kitanda.

Kwa hivyo nilimpa Mutua kibuyu kitupu. "Shika. Mwaka huu tutachemsha pikipiki."

"Susu, nitanunua ingine dukani. Sasa hivi, na simu."

"Ya duka sijui mama yake. Enda. Na useme."

Akaenda, kwa miguu. Nilimfuata nyuma nisikie. Mlango wa kwanza alinong'ona kama mtu anaungama. Mama mwenye nyumba akaweka mkono kwa sikio: "Ati nini? Sema nisikie, mimi ni mzee!" Hana uzee wowote, huyo, ni uchokozi tu. Mutua akapaza sauti: "Nilitoa mbegu ya Susu nje nikaweka pikipiki yangu!" Akapewa ndengu, na kicheko juu.

Mlango wa nne ni kwa Mama Ndunge, mwenye macho yamekufa. Alisikiza mpaka mwisho, akaingia ndani akipapasa, akatoka na kunde, ndogo, nyeusi kwa jicho. Akasema, "Hizi ni za kwenu. Mama Kitanda aliniletea mwaka mbegu yangu ilipokufa. Kila mavuno nimekuwa nikiziweka kidogo, zijue njia ya kurudi."

Mutua alishika kibuyu na mikono miwili.

Pikipiki iko zizini mpaka leo, chini ya turubai. Ng'ombe anailamba kiti. Na ikinuka, inuke.

Sasa sikia, mwanangu, na sikwambii polepole kwa sababu bado nimekasirika. Kabla ulete kitu kikubwa nyumbani, jua kitalala wapi, na upime mpaka upande wenye huoni ukikikalia. Chenye kinakubeba kisitoe chenye kinakulisha. Mzee akikuonyesha zizi, usimkunjie pua. Na ukikosa, usitume simu ikuombee; beba kibuyu chako, taja kosa lako kwa mlango, kwa sauti.

Mungu akupe mlango mpana. Akinyima mlango, akupe jirani mwenye ameweka mbegu yako. Na mvua yako ikukute mbegu iko ndani.