Jiwe Lipande Ndege, Wewe Ubaki?

Nakumbuka jasho la siku moja kuliko ninavyoikumbuka siku yenyewe, mwanangu. Lilianza kisogoni, likateremka mgongoni, likalowesha gauni la kwanza, la pili na la tatu, na juu ya hayo yote nilikuwa nimevaa koti la sufi la marehemu babu, mifuko yake imejaa korosho. Ilikuwa wakati wa mvua, hapahapa Mtwara, kwenye chumba cha abiria cha uwanja wa ndege. Watu walinitazama wakidhani nina homa.

Usicheke. Au cheka, lakini nisikilize, maana jana nilikuona umelikalia begi lako la magurudumu ili zipu ifunge. Ukaniambia, "Bibi, siku hizi pale uwanjani wana kipimo cha chuma, begi la mkononi lisipoingia huondoki nalo." Siku hizi! Kipimo hicho mimi nakijua tangu kikiwa cha mbao.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, wa Madimba, Madimba ya mikorosho na mihogo, kabla hatujasikia habari ya gesi. Ikaja barua kwamba nimechaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea ukunga. Kozi inaanza Jumatatu, na asiyefika, nafasi yake atapewa mwingine. Mwanangu, sikuitaka nafasi ile kwa ajili ya kuvaa kofia nyeupe, ingawa kofia nayo niliipenda, sikufichi. Dada yangu mkubwa alikuwa amefariki wakati wa kujifungua, yeye na mtoto wake, na pale kijijini hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya. Nilimshika miguu mpaka ikapoa. Tangu siku hiyo sikutaka kazi nyingine.

Barabara ya kwenda Dar ilikuwa imekatika, kama ilivyokuwa ikikatika kila mvua zikikaza. Serikali ikanipa waranti, yaani karatasi ya kusafiria, nipande ndege Jumamosi. Ndege inayofuata ingeondoka katikati ya wiki, kozi imeshaanza. Na waranti ilikuja na onyo: kwa kuwa barabara imefungwa, ndege imejaa magunia ya posta, kwa hiyo kila abiria ana ruhusa ya mkoba mmoja tu wa mkononi, unaoingia chini ya kiti.

Mkoba mmoja. Nilielewa vizuri sana. Kusoma nilikuwa nimesoma, ubishi ndio uliokuwa umenizidi.

Nililala mjini kwa shangazi yangu, Bi Zuhura, na habari kwamba mimi, Somoe, ninapanda ndege ikanitangulia mitaani. Wewe unajua watu wa kwetu: msafiri haachwi aende mikono mitupu. Huyu kaleta makopa ya mihogo ampelekee mjomba wake Temeke, yule kaleta ng'onda, samaki wa kukausha, mwingine mabibo makavu, mwingine korosho kibaba kizima. Kila mmoja alisema, "Ni kidogo tu, mwanangu." Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na siku ile niliyaona makanda ya usufi yakirundikana mpaka dirishani. Nami sikumkatalia hata mmoja. Niliona raha, mwanangu. Niliona nimekuwa mtu.

Shangazi naye akaniletea furushi dogo la kigunia, limeshonwa kwa kamba ya ukindu. "La Fatu," akasema. Fatu ni bintiye, ameolewa Ilala, na alikuwa na mimba yake ya kwanza. "Usilifungue, ni mambo ya wazazi." Lilikuwa dogo kama mkate, lakini nilipolipokea mkono ulishuka.

Katika nyumba ile alipanga mama mmoja wa Kimakonde, Mama Veronika, aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji kukimbia vita. Alikuwa akipika vitumbua na kuviuza sokoni. Jioni ile alisimama mlangoni akanitazama ninavyoukandamiza mkoba kwa goti.

"Somoe," akasema kwa ile L yake ya ng'ambo, "balua yako umeiweka wapi?"

"Ipo humohumo ndani, mama."

"Ndege ina mlango mmoja. Mzigo utapita. Wewe utapita wapi?"

Nikacheka. Moyoni nikasema, mtu mwenye kanga mbili duniani atanifundisha nini kuhusu mizigo? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami guu langu lilibakiza masaa tu.

Asubuhi, kilichokataa kuingia mkobani nilikivaa. Magauni matatu, koti, korosho mifukoni. Nikajiona mjanja. Tukaenda uwanjani, shangazi mbele, mimi katikati nikitembea kwa shida, na Mama Veronika nyuma, mkoba wangu kichwani mwake.

Karani alikuwa kijana mtaratibu kutoka bara, shati limepigwa pasi. Mezani pake aliweka kasha la mbao lililotolewa kifuniko. Mkoba ukitumbukia humo, unapanda. Usipotumbukia, unabaki. Wangu alijaribu kuuingiza kwa upana, kwa urefu, kwa kichwa chini. Ukakaa juu ya kasha kama kuku aliyeatamia.

"Dada, huu hauingii. Na tafadhali panda kwenye mzani."

"Mkoba?"

"Wewe pia. Ndege hii ndogo, tunapima kila kitu."

Mwanangu, hilo sikulijua. Nilidhani ukishavaa kitu kimekuwa mwili wako. Nikapanda, mshale wa mzani ukakimbia, karani akanitazama, akatazama koti, akasema bila hata kucheka, "Ndege haijui kama korosho ziko mkobani au mfukoni." Nikavua koti kwa aibu, mfuko ukapinduka, korosho zikatawanyika sakafuni mpaka chini ya viti vya watu. Halafu akaomba barua na waranti.

Barua! Ilikuwa chini kabisa ya mkoba. Nikaingiza mkono, nikagusa makopa. Nikaingiza tena, nikagusa ng'onda. Nikaanza kulia, na si kilio cha adabu. Nilimwona dada yangu, nikaiona nafasi yangu imekaliwa na msichana mwingine, na yote hayo kwa sababu ya mihogo.

Karani alikuwa na utu. "Nina abiria watatu wa kupima," akasema. "Nikiwamaliza kabla hujawa tayari, ndege inaondoka."

Mama Veronika akapiga magoti. Alitandika kanga yake sakafuni, akaupindua mkoba wote juu yake, mbele za watu, na nguo zangu za ndani zikiwemo. Barua ikaonekana, imekunjamana chini ya kile kigunia cha Fatu. Akakinyanyua, akakipima mkononi, kisha akaikata ile kamba kwa meno. Ndani mlikuwa na jiwe.

Ndiyo, jiwe. Jiwe la kusagia liwa, ule mti wa kunukia anaopakwa mzazi.

Akalishika mbele ya uso wangu. "Somoe. Jiwe lipande ndege, wewe ubaki?"

Aliniambia mimi, lakini lilimfika shangazi. Shangazi akasema polepole kwamba jiwe lile lilikuwa la mama yake, na kwamba yeye mwenyewe alipakwa liwa iliyosagwa juu yake alipomzaa Fatu. Hapo nikaona haya kwa namna nyingine. Halikuwa jiwe la barabarani.

"Dada, mimi nilikuwa na chungu cha mama yangu," Mama Veronika akamwambia, huku mikono yake haijasimama. "Nilikibeba mpaka mtoni. Mwenye mtumbwi akasema nafasi ni moja, pakae chungu au akae Velonika. Sikumchukia yule mzee. Alinipimia tu." Siku ile ya uwanjani Veronika, bintiye, alikuwa ameshafika darasa la kwanza, anajua kusoma jina lake.

Kisha akaniuliza, haraka haraka, kitu kimoja kimoja. Dar kuna chumvi? Ipo. Sabuni? Ipo. Mihogo? Ipo. Hilo koti, Dar kuna baridi? Hakuna. Balua yako, ipo Dar? Haipo. "Basi hiyo ndiyo ya kwanza." Vyeti? Havipo. Miwani yako? Haipo. Vilivyokuwepo Dar alivisukuma upande wa shangazi, na upande wangu vikabaki vichache mpaka nikavionea haya. Akaniamuru nikavue magauni mawili chooni. Moja akalirudisha kwa shangazi, jingine akalikunja mviringo, likakaza kama mkeka unaopelekwa sokoni. Sokisi na mswaki akavitia ndani ya viatu vyepesi, na vile vizito akanivalisha miguuni. Taulo akalitupa. "Kanga ni taulo, ni shuka, ni mtandio." Barua na waranti akaviweka juu kabisa, pale mkono unapofika kwanza. Mwisho akaokota konzi moja ya korosho sakafuni, akanitilia kwenye kona. "Hizi za kutafuna. Safali bila cha kutafuna ni kifungo."

Karani akaurudisha mkoba kwenye kasha. Ukatumbukia, pu!

Sijapata kusikia sauti tamu kama ile, mwanangu, na nimesikia watoto wengi wakilia kilio chao cha kwanza. Nikamkumbatia Mama Veronika, nikamkumbatia shangazi, nadhani hata karani aliponea chupuchupu. Na mwili wangu, mwepesi kwa gauni moja! Nilihisi upepo kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Shangazi alikuwa amelipakata jiwe lake. Akafuta macho, akasema, "Mwambie Fatu mama yake anamkumbuka kila anapokula. Akijaliwa, liwa atakuja kusagiwa hapa." Nikatembea kwenda kwenye ndege, pangaboi zake zimeanza kuzunguka, mkoba mkono mmoja, na mkono wa pili ukiwa mtupu kwa kuwapungia.

Jumatatu nilikuwa darasani. Jumapili ya kwanza ya ruhusa nikaenda Ilala, nikampa Fatu salamu na kisa cha jiwe. Alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli. "Somoe, mawe yamejaa hapa," akasema. "Mtu wa kwetu ndiye niliyemkosa. Naogopa." Alipojifungua nilikuwa mwanafunzi asiyejua hata kushika mkasi, lakini wakunga waliniruhusu nimshike mkono, na safari hii mkono nilioushika ulibaki na joto. Shangazi alitaka kumpelekea bintiye jiwe. Kumbe alikuwa amempelekea mimi.

Basi sikia, mwanangu, nikupe waziwazi nisikuache ubahatishe. Kabla hujagusa begi, jua kipimo cha kasha lao, wala usijidai utamshinda mwenye mzani. Anza na ambacho huko uendako hakipo: karatasi zako, dawa zako, miwani yako. Hizo ziwe juu, si chini ya ng'onda wa watu. Chenye kazi moja kikae, chenye kazi tatu kiende. Nguo zikunje mviringo, kiatu kisisafiri kitupu, kizito kivae, lakini kimoja, si kama mimi. Na watakaokuja na "ni kidogo tu", wapokee kwa heshima, kisha chukua salamu zao. Salamu hazijawahi kuzidisha uzito, nazo ndizo zinazongojwa. Mtaka yote hukosa yote, nami nusura nikose nafasi kwa ajili ya makopa. Wala usimdharau mwenye kanga mbili. Muulize kwanza alivuka wapi.

Sasa inuka juu ya hilo begi, tulifungue upya pamoja. Mungu akutangulie angani na akupokee chini. Akupe mlango wa kupita na mtu wa kukulaki, na kila utakachokiacha nyuma akulindie mpaka urudi.

Na hilo lililofungwa kwa kamba hapo pembeni, najua ni la shangazi yako. Lilete hapa nilipime mkononi.