Pete Kwenye Mizani ya Baruti

Niligusa mizani. Haya, nimelisema! Miezi minane nimelikana jambo hili kwa Kiswahili sanifu, kwa Kiingereza cha chuo kikuu, na mara moja kwa kiapo.

Mwaka tisini na saba nilipanga chumba cha uani Queensburgh, pembeni mwa Durban, kwa Mzee Karim, Mhindi mzaliwa wa Mombasa aliyeoa Durban akabaki. Mzee alikuwa mlenga shabaha wa klabu, na risasi za dukani alizidharau kama mpishi anavyodharau pilau ya kopo. Alijitengenezea zake gerejini: anapima baruti punje kwa punje, anaimimina kwenye ganda, kisha anavuta mkono wa presi, mashine yake ya kukandamiza, na kichwa cha risasi kinakaa mahali pake. Arobaini kwa kila mashindano, zote pacha.

Sharti lilikuwa moja: mizani yake haiguswi.

Mimi, mwenye shahada mbili, nilielewa mara moja kwamba sharti hilo liliwekewa watu wa kawaida.

Nilikuwa nimeachika, nataka kuuza pete ya ndoa. Chantal, rafiki yangu Mkongo mwenye saluni South Beach, akanitia moto: "Sonara atakuibia, ma chère! Pima kwanza. Kwa mzee wako iko mizani, hapana?"

Ijumaa, mzee akiwa msikitini, risasi ishirini tayari na ishirini bado, nikaingia gereji. Nikasogeza vijiwe vya uzito, alivyokuwa amevitega kwa kipimo cha baruti, nikapima. Ndoa ya miaka kumi na tisa, nyepesi vile! Nikavirudisha vijiwe palepale. Kwa macho. Yaani, karibu na palepale.

Mzee akarudi, akaitazama mizani.

"Profesa, umegusa hii?"

"Mimi? Ya nini, mzee wangu?"

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akaniamini, akaketi, akaendelea na kazi.

Siku ya mashindano risasi zake zilitua makundi mawili, moja juu ya jingine, kama koo mbili zisizosalimiana. Hakumaliza hata boksi la zile arobaini. Klabu ikamtoa kwenye timu. Hakunilaumu mimi wala mizani. Aliitazama mikono yake.

"Eish, imezeeka hii. Inatetemeka."

Nami nikamchemshia chai ya tangawizi, nikamweleza kwamba uzee ni neema. Jamani! Nilimfariji kwa msiba niliomletea mwenyewe, na nikapokea shukrani!

Akaacha kulenga. Presi ikafunikwa shuka, kisha ikatangazwa gazetini kuwa inauzwa. Hata hapo nilinyamaza.

Wewe unayesoma, kama umegusa cha mtu, sema kabla hajaketi kukifanyia kazi. Aibu ya dakika moja haijaua mtu. Wala usitegemee elimu. Mimi yangu ilinisaidia tu kudanganya kwa sentensi zilizonyooka.

Alhamisi moja simu ya ofisini ikalia. Ni mzee, sauti tulivu mno. Alikuwa amezifungua risasi zilizosalia, amwonyeshe mnunuzi kazi yake, akapima baruti ya kila moja.

"Nusu ziko sawa. Nusu zimezidi, zote kwa kiasi kilekile. Mkono unaotetemeka, Profesa, haukosei kwa usawa namna hiyo."

"Mzee wangu, naomba niku—"

"Gazetini nimeshapiga simu. Presi siuzi tena. Nimewaambia waandike chumba cha uani."

Akakata.