Kijiti cha Mafuta ya Taa

Nyuma ya mlango wa chumba changu kuna kijiti cha mwanzi. Ukikinusa bado kinatoa harufu ya mafuta ya taa, ingawa siku hizi hakipimi kitu. Mke wangu ametaka mara nyingi kukitia motoni. Ninamkatalia, na sina sababu nzuri ya kumpa.

Kupima kwa kijiti nilijifunza nilipokuwa mtunza mafuta katika depo moja karibu na bandari, hapa Kalemie. Depo hiyo haipo tena. Kila asubuhi nilifungua mapipa, nikachovya kijiti, nikaona usiku umekunywa kiasi gani. Siku zote ulikuwa umekunywa. Kazi ile ilinifundisha kwamba mtu akikusalimu kwa furaha kupita kiasi, utazame mikono yake kwanza. Nilidhani hiyo ni hekima, nikatoka nayo kazini kama wengine wanavyotoka na saa ya ukutani.

Nilipostaafu nilinunua vyombo vya kuvulia ndagala, dagaa wa ziwa letu: mitumbwi ya kuunganishwa kwa miti, wavu, na taa za pampu, yaani karabai. Ndagala huvuliwa usiku usio na mwezi. Taa huning'inizwa juu ya maji, samaki hufuata mwanga, wavu huinuliwa kutoka chini. Mimi naogopa ziwa. Nimezaliwa kando yake na sijawahi kulala juu yake hata mara moja. Kwa hiyo nilitafuta kapita wa kuwaongoza wavuvi wangu, nikampata mtu aliyekuja na mke wake kutoka pwani ya kaskazini. Alikuwa mwimbaji wa kanisa, mpole, asiyegusa pombe. Upole wake ndio ulionitia shaka.

Jioni nilijaza taa kwa mkono wangu. Asubuhi walipofika ufukweni, kabla ya kutazama samaki, nilifungua matangi ya taa na kuchovya kijiti. Mafuta yakibaki mengi, nilijua wamezima taa na kulala. Mafuta yakiisha na samaki wakiwa wachache, nilijua wamevua usiku kucha na kuwauzia wachuuzi hukohuko majini. Samaki wakiwa wengi, nilijiuliza walikuwa wengi kiasi gani kabla hawajafika kwangu. Msomaji ameshaliona kosa. Mimi lilinichukua muda mrefu: kijiti changu hakikuwa na alama ya kumwachia mtu huru.

Mwezi mpevu mmoja, wavuvi wakiwa wanapumzika na kushona nyavu, alikuja agronomu, mtaalamu wa kilimo, mwanamke kijana, akatuita sisi wenye vyombo na makapita wetu katika ukumbi wa parokia. Alituambia tuifuate sahani ya bugali na ndagala kinyumenyume, tuone imekula moto gani kabla ya kuliwa. Kuna mashine ya mazuti, yaani dizeli, inayosaga muhogo mtaani kwetu. Kuna makala, mkaa wa kupikia. Kuna lori linalopeleka ndagala hadi mji wa Nyunzu, na mwanzoni kabisa kuna taa zetu. Moshi wote huo, alisema, haupotei. Unabaki juu, unashika joto kama blanketi, na mvua zinasahau majira yake. Akatuonyesha taa ya jua: kibao cha kunasa mwanga, betri na balbu. Chama cha wavuvi kingeziazimisha kwa watakaokubali kuzijaribu.

Kisha akauliza kila mmoja wetu anatumia mafuta kiasi gani. Hapo nikakunja uso. Nimekaa na mafuta maisha yangu yote, na sijaona mtu akiuliza kiasi bila kurudi kesho yake na mkono ulionyooshwa. Nikasimama.

"Binti yangu, moshi wa taa zangu na moshi wa viwanda vya ng'ambo, upi umeharibu mvua?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nilijiona shujaa.

Yeye hakucheka wala hakukasirika. "Wa ng'ambo, Papa. Wa kwako ni mudogo sana. Lakini ule wa kwako, ni wewe unaununua."

Watu wakacheka tena, safari hii upande wake. Nikaketi. Njiani kurudi nilimwambia kapita kwamba majibu mepesi kama hayo hufundishwa mahali. Yeye alikuwa anawaza mambo mengine. Aliniomba tuzichukue taa zile. Alisema moshi wa pampu unamkaa kifuani hadi asubuhi anatema weusi, na alinionyesha mkono wake ulioungua siku upepo ulipoirusha taa. Nilikuwa nimeuona mkono ule. Nilikuwa nimeutazama kila siku, nikitafuta kitu kingine.

Nilimpa sababu nyingi. Mwanga mweupe unawafukuza ndagala. Betri hufa. Kitu cha kuazimwa kina mwenyewe. Zote nilizitunga palepale. Sababu ya kweli sikuisema, hata kwa mke wangu: nikikubali jua, asubuhi nitachovya kijiti wapi? Jua halibakizi kitu katika tangi. Mafuta yalikuwa mpelelezi wangu, na nilikuwa tayari kuyanunua na kuyachoma usiku kwa usiku ili yaniletee habari za watu ambao ningeweza kuwauliza tu.

Tukaendelea. Jirani zangu wakachukua taa za jua mmojammoja, na giza lilipoingia ziwa likawa na nyota nyeupe, na katikati yake za kwangu, za njano. Nilisema moyoni kwamba wote hao wanaibiwa na hawajui.

Asubuhi moja nilitangulia kufika ufukweni. Jua lilikuwa limeshatoka nyuma ya maji, wanawake wameanza kuanika ndagala mchangani. Nikaona mitumbwi yangu inakuja, na taa zote zinawaka. Kweupe kabisa, taa zinawaka. Wanawake walikuwa wanacheka. Mmoja akaniuliza kama wavuvi wangu wanamtafuta mutu aliyepotea ndani ya mchana.

Mitumbwi ilipogusa mchanga nilimuuliza kapita maana ya jambo hilo. Hakushuka. Alikuwa amechuchumaa kando ya taa, anaisubiri kama mtu anayesubiri chungu kichemke.

"Papa, tunakimalizia kijiti chako."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, bila kuinua sauti, kwamba usiku ule samaki walikuja mapema, wavu ukajaa, na mafuta yakabaki. Mara ya mwisho mafuta yalipobaki nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Kwa hiyo siku hizi yakibaki huyachoma hadi yaishe. Wakifika pwani mapema, hukaa hapo nje na kuyachoma. Walikuwa wakifanya hivyo kwa muda sasa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungeniamini?" Akazima taa, na moshi wa mwisho ukampitia usoni. "Ile kijiti njo kapita wa mitumbwi hii, Papa. Mimi ni mufanyakazi wake. Mwezi ukijaa, tuchukue taa za jua, ao utafute muntu mwingine."

Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Nilitaka aseme yule mtu ana kiburi. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, na hakuacha. Alisema kule depo, walioniibia walivaa mashati yaliyopigwa pasi, na wala sikuwahi kumchovya mmoja wao. Sasa nimepata maskini wa kumchovya.

Nilikuwa na siku za kutosha za kufikiri kabla mwezi haujajaa. Nilizitumia vibaya. Nilijiambia kwamba mtu anayetaka sana taa zisizopimika ana la kuficha. Nilijiambia kwamba agronomu na kapita walikuwa wamepatana tangu parokia. Hata ile habari ya kuchoma mafuta mchana niliigeuza: pengine waliyauza, wakawasha matone ya mwisho ili nione. Shaka ni kama ule moshi wa agronomu. Haupotei, unapanda tu na kutanda.

Mwezi ukajaa. Kapita alikuja, akasimama mlangoni, akaniuliza jibu langu. Nikamwambia bado natafakari. Akanishukuru kwa miaka tuliyofanya kazi, akamuaga mke wangu kwa heshima zote, akaenda kuvua kwa jirani yangu.

Waliokuja baada yake waliniibia kweli. Waliuza sehemu ya mafuta yangu yakiwa bado kwenye kidumu na kujazia maji, na kijiti, kinachopima kina tu, kikaniambia kila kitu ki sawa. Nikauza vyombo kabla havijaniishia mkononi.

Mwaka huu, kipindi cha mwezi mpevu, nilijikaza nikaenda kwa kapita. Nilikuta amekaa uani na mke wake, taa za jua zimepangwa juu ya mkeka, vibao vimeelekezwa juani. Kifua chake kilikuwa kimya. Walinipa kiti kizuri na chai. Nilianza maneno niliyoyaandaa: kwamba nilimkosea, kwamba alikuwa mwaminifu na mimi nililijua hilo kabla ya mtu yeyote, maana nilimpima kuliko mtu yeyote.

Alinisikiliza, halafu akatabasamu na kumtazama mke wake.

"Papa, umekuja kuomba musamaha ao umekuja kuhesabu taa?"

Niliyatoa macho yangu pale mkekani. Yalikuwa huko muda wote. Nilikuwa najiuliza jirani yangu amewezaje kumwachia mtu huyu taa zote hizi nyumbani kwake.

"Vyote viwili," nikasema.

Alicheka, na mke wake akacheka, nami nikacheka nao kidogo. Akaniongezea chai. Msamaha hakuutaja, nami sikumkumbusha. Nilikunywa chai hadi mwisho, nikageuza kiti changu kidogo, mkeka ukawa nyuma yangu.