Bichi Inayonuka Omena

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu: harufu ya omena, dagaa wa ziwa letu, juu ya mchanga wa Usenge, nami nimeolewa juzi tu, mikono bado haijazoea kuanika. Mgeni kutoka jijini alitukusanya ufuoni, akakunjua ramani. Alisema hoteli inakuja, na pamoja nayo tutapata bichi nzuri ya kisasa.

Tukacheka. Mama mmoja akauliza, "Baba, kwani hapa tumesimama wapi?"

Neno hilo la Kizungu tumelilea tangu enzi za babu zetu. Kwetu bichi ni pale mashua zinaposhusha samaki. Ni kamati, ni mnada wa asubuhi. Hata mtu akifa tunasema alikuwa mtu wa bichi yetu. Kwa mgeni, bichi ilikuwa mchanga mtupu, kiti cha kulalia, na mtu asiye na kazi.

"Bichi ni mahali pa kuota jua," akatueleza kwa upole, kama anayefundisha watoto.

"Na omena zetu zinaota nini," mama mkwe wangu akamjibu, "mwezi?"

Mwenyekiti wa bichi akatukemea. "Msibishane na mgeni. Neno ni la Kizungu, yeye amelisoma."

Hapo nikashindwa kunyamaza. Nilisema neno likishakula ugali wetu miaka yote hii, ni mtoto wa hapa, na hakuna wa kutufukuza kwa jina la mtoto wetu. Watu wakapiga makofi. Mgeni akatabasamu tu, akasema nguzo za kuuzungushia ufuo ua zitafika kesho.

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Sifa za mama mkwe zilikuwa fupi.

"Nyar Alego," akasema, yaani binti wa Alego, ndivyo alivyoniita, "umeongea vizuri. Lakini mdomo hauzibi njia. Kesho uje na nyavu."

Alfajiri, wanawake wote tulitandaza nyavu kuukuu kutoka majini hadi barabarani, tukamwaga omena juu yake mpaka ufuo ukang'aa. Lori la nguzo likaja, likasimama. Dereva alikuwa mtu wa Bondo hapa jirani, na huku kwetu hakuna anayekanyaga omena ya mwenzake ikianikwa; ni kama kumtemea mate sahanini.

"Pita!" mgeni akafoka.

"Bosi, nipite juu ya chakula cha mama zangu? Pita wewe."

Mgeni akatugeukia. "Mtaziondoa lini?"

"Zikikauka!" tukamjibu.

Na kila zilipokauka, tulianika zingine. Lori lilirudi, likatukuta vilevile. Halafu halikurudi tena.

Sasa nasikia wengine wanaupima ufuo, na maneno yao ni matamu zaidi. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Mimi, mwanangu, nasema si kila mara. Anayekuletea neno zuri muulize: ndani ya neno lako, mimi nasimama wapi? Akikosa jibu, usihame. Wala usiutegemee ulimi pekee, kwani maneno matupu hayavunji mfupa. Neno hubaki na yule anayeamka mapema kulifanyia kazi. Amka wewe kwanza.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe mgongo usioinama kwa woga, na jua la kutosha kukausha kila ulichovua.