Mtani Alipokalia Maiti

Nilipokuwa sekondari ya wavulana hapa Tabora, niliigiza yule binti wa tamthilia ya kale anayeuawa kwa kumzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme. Nilivaa gauni la mke wa mwalimu, nikalia mpaka kamasi zikachuruzika. Tangu hapo, kila mji niliohamia, na nimehamia mingi, sijakosa mtu wa kumsimulia. Waliotishiwa kusimuliwa mara ya pili walikumbuka ghafla kwamba wameacha sufuria jikoni.

Kwa hiyo mwaka huu, niliporudi na begi langu na kukuta mpwa wangu amepewa nafasi ile ile katika mchezo wa vijana wa parokia, nilijiteua kuwa mwalimu wake. Binti alitaka kwenda chuo cha sanaa. Mama yake, dada yangu, alitaka akasomee uuguzi, ila alikubali jambo moja: angekuja kutazama, kisha angeamua.

"Mjomba, nisipolia je?"

"Utalia. Mimi nililia."

"Mama anasema ulikuwa na mafua."

Mimi mwenyewe nilitegemea kupewa mfalme. Nikapewa maiti.

Mchana wa mchezo ukumbi ulijaa. Nililala jukwaani chini ya shuka jeupe, mpwa wangu akaanza kunimwagia udongo huku akilia kama nilivyomfundisha, yaani vibaya. Ndipo nikasikia kandambili zikipanda jukwaani. Alikuwa jirani yetu, mama wa Kizaramo anayeuza vitumbua. Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi tangu misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikishuka pwani, na mtani ana haki ya kuzuia maziko mpaka apewe kitu. Kwake msiba ni msiba, hata wa kuigiza. Akanikalia tumboni.

"Huyu hazikwi," akatangaza. "Mwezi huu Kigoma, mwezi ujao Mbeya. Nani kahakikisha kafa? Labda kasafiri."

Watu wakaangua kicheko. Nilikitambua cha dada yangu, maana ndicho kilichochelewa kwisha. Niliwaza kufufuka niokoe mchezo, lakini mama yule alikuwa na uzito wake. Chuo kilikuwa kinampotea binti wa watu, nami hata kupumua nilikuwa naomba.

Mpwa wangu akaacha kulia. Akapiga magoti, akavua khanga aliyojitanda, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mtani, chukua hii, uniachie kaka yangu. Mfalme akijua nimemzika, kesho sitakuwa na haja nayo. Nami nikifa, njoo unizuie hivi hivi, nikae juu ya ardhi kidogo."

Kicheko kikakatika. Mama wa Kizaramo akaipokea khanga. Kisha akainuka, akachota udongo, akanimwagia yeye mwenyewe. Usoni.

Mchezo ulipokwisha nilimkuta dada yangu uani, macho mekundu.

"Atakwenda chuo," akasema. "Yale maneno kamfundisha nani?"

Nikakohoa, nikaandaa sura ya unyenyekevu.

"Unajua, mimi..."

"Wewe ulikuwa umekufa," akasema dada yangu. "Nenda kaoge, masikio yamejaa udongo."